Kiraka cha Mwenzako: Somo la Kujaribu na Kukagua, kwa Mfano wa curl

Hapa Stockholm, wakati naandika haya, jua linazama kabla ya saa tisa alasiri na maabara ya kompyuta ina joto kuliko vyumba vyetu. Kamati ya gazeti imeniomba niandike somo kwa wale wanaosomea mambo ya kompyuta, na kwa bahati nzuri swali ninaloulizwa mara nyingi ni moja tu: nitaanzaje kushiriki kwenye programu huria wakati msimbo wenyewe una mistari zaidi ya laki moja na sijui hata mlango uko upande gani?

Jibu langu ni kwamba usianze kwa kuandika. Anza kwa kujaribu kazi ya mwenzako na kuikagua. Waandishi wapo wengi, tena wengine wanaandika usiku na mchana. Wanaokosekana ni wale wa kukaa chini, kuchukua kiraka kilicholetwa, kukijenga, kukiendesha, kukisoma mstari kwa mstari, halafu kurudi na maneno yenye maana. Mradi wowote utakaobisha hodi ukiwa na kazi hiyo mkononi utakaribishwa kiti.

Kwanza neno lenyewe. Kiraka ni kile kile cha suruali. Ni faili dogo la maandishi linalosema: kwenye faili fulani, mstari huu utoke, huu uingie. Mistari inayotoka inaanza na alama ya kutoa, inayoingia inaanza na alama ya kujumlisha, basi. Sioni haja ya kutafuta neno jingine. Wale wa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 wakishirikiana na Waswidi wa IT+46, walishatuonyesha kwamba mambo ya kompyuta yanasemeka kwa Kiswahili bila ulimi kujikunja.

Mfano nitakaoutumia ni curl. Nimeichagua kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni ujirani: mwanzilishi wake, Daniel Stenberg, ni Mswidi wa hapa hapa, anaishi Huddinge kusini mwa Stockholm. Alianza na kiprogramu kidogo cha kuvuta kurasa mwaka 1996, jina la curl likaja mwaka 1998, na mwaka 2017 alipewa tuzo ya Polhem, ambayo kwa wahandisi wa nchi hii si mchezo. Sababu ya pili ni kwamba karibu kila mmoja wetu ameshaitumia, hata kama hakujua. Ukitaka kujua kwa nini seva haikujibu ulivyotarajia, unafungua dirisha la amri na kuandika `curl -v` ikifuatiwa na anwani. Mistari yenye alama ya `>` ndiyo uliyoituma, yenye `<` ndiyo uliyoipokea, na yenye nyota ni maelezo ya curl yenyewe: imeunganika wapi, cheti kimekubalika au la. Ukitaka kila baiti, unaongeza `--trace-ascii` na jina la faili, pamoja na `--trace-time` ili uone saa. Vijana wa nyumbani wanaounganisha programu zao na Daraja ya Safaricom kwa ajili ya M-Pesa wanaijua vizuri. Programu yako ikikataliwa, unajaribu ombi lile lile kwa curl, na hapo unajua kama kosa liko kwako au kwa mwenye seva.

Sasa tuingie kazini. Usikimbilie kiraka. Chukua msimbo kama ulivyo, bila kiraka, uujenge kwanza. Kwa Linux ni hivi: `git clone` ya ghala lao, `autoreconf -fi`, halafu `./configure --with-openssl --enable-debug`, `make`, na mwisho `make test`. Hiyo `--enable-debug` inaiambia curl ijichunge yenyewe: kila kipande cha kumbukumbu kinachokopwa kinaandikwa, na kisiporudishwa jaribio linaanguka. Ni kwa majaribio tu, usije ukaiweka kwenye seva ya watu. Majaribio yenyewe ni zaidi ya 1,500, kwa hiyo weka chai. Mwishoni utaona mstari wa `TESTDONE` ukikwambia mangapi yamepita kati ya mangapi, na mistari mingine ikieleza mangapi yamerukwa na kwa sababu gani.

Kwa nini ujisumbue na majaribio kabla ya kiraka? Kwa sababu mashine yako ina mambo yake. Labda haina IPv6, labda mtandao wa chuo unazuia mlango fulani, labda huna Perl ya kutosha. Majaribio matatu yanaweza kuanguka hata kabla hujagusa kitu. Usipoandika hilo pembeni, utakuja kumwambia mtu wa watu kwamba kiraka chake kimevunja vitu vitatu, kumbe vilikuwa vimevunjika tangu jana. Kwa hiyo hifadhi matokeo ya mwanzo kwenye faili. Ndiyo mizani yako.

Halafu weka kiraka. Kama kimekuja kama faili, `git apply --check` itakwambia kama kinaingia vizuri kabla ya kukiingiza kweli. Jenga upya, endesha majaribio upya, linganisha na faili la mwanzo. Hapo wengi wanaishia. Wanaandika "imefanya kazi kwangu" na kwenda kulala. Kwa kweli hiyo ni nusu ya kazi, tena ile nusu ambayo mashine za mradi zinaifanya zenyewe kila kiraka kinapoingia. Kinachohitaji binadamu kinaanzia hapo.

Swali la kwanza: je, kiraka kimekuja na jaribio lake? Kama kimekuja nalo, litoe peke yake, liendeshe kwenye msimbo wa zamani usio na kiraka. Ni lazima lianguke. Jaribio linalopita kukiwa na kiraka na linalopita bila kiraka halipimi chochote, ni pambo. Swali la pili, na hili ndilo zito: ni hali gani ambayo mwandishi hakuifikiria?

Hapa niwasimulie kiraka kimoja cha kweli, maana kwa kiraka hiki utaelewa kwa nini nimesema kazi hii ni ya maana.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 Stenberg mwenyewe alibadilisha sehemu ya curl inayozungumza na proksi za aina ya SOCKS5. Proksi, kama unavyojua, ni mtu wa kati: badala ya kwenda kwa seva moja kwa moja, unamtuma yeye. Watu wa nyumbani wanaufahamu mpango huo. Uganda ilipozima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na kabla ya hapo kila mitandao ya kijamii ilipofungwa, habari za njia za pembeni zilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Kwenye SOCKS5 unaweza kumpa proksi jina la seva naye akatafuta anwani yake, au ukatafuta anwani mwenyewe na kumpa namba. Ila jina lenyewe haliwezi kuzidi baiti 255, maana urefu wake unaandikwa kwenye baiti moja tu. Je, jina likizidi? curl ilikuwa na kanuni yake: likizidi, basi natafuta anwani mwenyewe.

Zamani fanksheni hii ilikuwa inasubiri. Inaitwa mara moja, inaongea na proksi mwanzo hadi mwisho, ndipo inarudi. Hiyo ni tabia mbaya kwa programu inayoshughulikia maelfu ya mawasiliano kwa pamoja, kwa hiyo kiraka cha 2020 kiliigeuza iende kwa hatua. Inafanya hatua moja, na kama proksi hajajibu inarudi zake, inaitwa tena baadaye na kuendelea pale ilipoishia. Wazo zuri kabisa, na hakuna mkaguzi ambaye angelipinga.

Tatizo lilikuwa kwenye kigeu kimoja, `socks5_resolve_local`, kinachokumbuka nani anatafuta anwani. Kigeu hiki kiliwekwa ndani ya fanksheni, na kila fanksheni inapoitwa kinaanza upya. Uamuzi wa "jina ni refu, natafuta mwenyewe" unafanyika kwenye hatua ya kwanza tu. Sasa fikiria dirisha la ofisi ya ardhi. Unafika, karani anasoma hati yako anasema, "Hii ina kasoro, itapitia mlango wa nyuma, kakae pale nitakuita." Hakuandika popote. Ukiitwa unakuta karani mwingine. Yeye hajui habari ya mlango wa nyuma, anaipitisha hati kama kawaida. Ndivyo ilivyokuwa. Proksi akijibu haraka, fanksheni haitoki, karani ni yule yule, mambo shwari. Proksi akichelewa kidogo, fanksheni inatoka na kurudi, kigeu kimesahau, na jina refu kupita kiasi linanakiliwa kwenye bafa kana kwamba ni fupi. Bafa ikiwa ndogo kuliko jina, inafurika, na maandishi yanamwagika kwenye kumbukumbu ya jirani. Mtu mbaya mwenye seva yake angeweza kumwelekeza mteja kwenye jina refu alilolitengeneza makusudi.

Kiraka hicho kiliingia kwenye toleo 7.69.0 la Machi 2020. Kasoro ikagunduliwa mwishoni mwa Septemba 2023, ikapewa namba CVE-2023-38545, na marekebisho yakatoka tarehe 11 Oktoba 2023 kwenye toleo 8.4.0. Zaidi ya miaka mitatu na nusu. Mtu aliyeiripoti alilipwa dola 4,660, na Stenberg aliandika hadharani, bila kujificha, jinsi kosa lilivyotoka mkononi mwake mwenyewe. Programu ya curl kwa mstari wa amri ilikuwa na ahueni kidogo kwa sababu bafa yake ya kawaida ni kubwa, kilobaiti 100, ila ukipunguza kasi kwa `--limit-rate` inaweza kuwa ndogo. Maktaba yake, libcurl, inayokaa ndani ya programu za watu wengine, bafa yake ya kawaida ni kilobaiti 16 tu. Na libcurl ipo kila mahali: simu, televisheni, magari.

Najua msomaji anayependa ubishi atasema: mbona majaribio zaidi ya elfu moja hayakuona? Majaribio huendeshwa mteja na proksi wakiwa kwenye mashine moja. Wanajibizana kwa kasi ya ajabu. Jaribio lililounganisha jina refu kupita kiasi na proksi anayechelewa halikuwepo. Kila kipande peke yake kilikuwa salama, na hatari ilikuwa pale viwili vinapokutana.

Hapo ndipo, ndugu yangu, nataka usimame kidogo. Mtandao unaochelewa ni kitu tunachokijua kuliko wengi wa hapa. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti yetu ilikuwa inapanda angani kwenye satelaiti na kushuka, na kila ujumbe kwenda na kurudi ulikula zaidi ya nusu sekunde. Mswidi aliyekua na waya wa haraka hadi chumbani lazima ajikumbushe kwamba proksi anaweza kuchelewa. Wewe huhitaji kukumbushwa. Ukisoma kiraka, swali la "je, jibu likija nusunusu?" linakuja lenyewe, kama vile mtu wa pwani asivyofundishwa kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Sisemi kwamba sisi tungeliona kosa lile. Nasema tuna swali la kuuliza ambalo wengine hawana mazoea nalo, na ukaguzi ni kazi ya maswali.

Swali hilo lina kifaa chake. Kwenye Linux unaweza kuifanya mashine yako yenyewe ijibizane polepole: `sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 300ms`. Kuanzia hapo kila pakiti inayozunguka ndani ya mashine inachelewa milisekunde 300, yaani kwenda na kurudi ni 600, karibu sawa na satelaiti ya zamani. Endesha majaribio ya SOCKS, namba 700 na 701 kwa mfano, ukiwa ndani ya saraka ya `tests`: `./runtests.pl 700 701`. Utashangaa vitu vinavyobadilisha tabia. Mengine yataanguka kwa sababu tu muda umekwisha, hayo si makosa ya kiraka, kwa hiyo rudi kwenye mizani yako: pima polepole bila kiraka, kisha polepole pamoja na kiraka. Ukimaliza, `sudo tc qdisc del dev lo root`, la sivyo utakuja kulaumu kompyuta yako wiki nzima.

Kifaa kingine ninachokipenda ni `./runtests.pl -t` ikifuatiwa na namba. Hii ni mateso kwelikweli. Inaendesha jaribio lile lile tena na tena, na kila mara inakataa ombi moja tofauti la kumbukumbu, kana kwamba mashine imeishiwa. Programu inatakiwa ishindwe kistaarabu, isianguke na isiache kumbukumbu ikivuja. Viraka vingi vizuri vinakufa hapo, maana watu huandika njia ya mafanikio kwa uangalifu na njia ya kushindwa kwa haraka.

Tuje kwenye kusoma. Ukisoma kiraka usisome mistari yenye alama tu. Fungua fanksheni nzima, na zile zinazoiita. Kiraka cha 2020 ukikitazama kwa mistari yake peke yake kinaonekana safi. Tatizo lake ni la uhai wa kigeu: kinazaliwa lini, kinakufa lini, nani anakitegemea kesho. Kwa hiyo penye msimbo uliogeuzwa kutoka kusubiri kwenda kutosubiri, chukua karatasi, andika vigeu vyote vya ndani ya fanksheni, na mbele ya kila kimoja ujibu: je, fanksheni ikitoka hapa na kurudi, hiki bado ni cha kweli? Ni kazi ya kuchosha. Dakika ishirini za karatasi na kalamu, lakini. Mambo ya nafasi na urefu wa mistari waachie mashine, `make checksrc` inapiga kelele yenyewe kwa mstari unaozidi herufi 79. Mkaguzi anayejaza maoni kumi ya nafasi na koma huku hajauliza swali moja la mantiki anapoteza muda wa watu.

Halafu kuna namna ya kusema. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hasahihishwi mbele za watu, na ni malezi mazuri, siyaachi. Huku walishafuta hata neno la kumheshimu mtu tangu ile du-reformen yao ya miaka ya 1960, profesa unamwita kwa jina lake la kwanza na anaitika. Mwanzoni inakwama kooni. Nilichokiona ni kwamba hakuna haja ya kuchagua upande: zungumzia msimbo, mwache mtu. "Fanksheni ikirudi kati ya hatua ya kwanza na ya pili, kigeu hiki kinabaki na thamani gani?" Hilo ni swali, lina adabu, mtoto anaweza kumuuliza babu. Na lina makali kuliko "hapa umekosea", kwa sababu mwandishi akijaribu kulijibu ataliona mwenyewe.

Maoni yako yawe na vitu vya kushikika. Bandika matokeo ya `curl -V`, maana yanaonyesha toleo na maktaba zilizomo. Taja mfumo wako, amri ulizoandika, ulichotarajia, ulichokiona. Kama yote yamepita, sema pia hukujaribu nini: "sikujaribu Windows, sikujaribu proksi yenye nywila." Sentensi hiyo moja inampa mwenye mradi picha kamili, na jina lako linaanza kuaminika. Na tafadhali, usitume kitu kilichoandikwa na roboti ambacho hujakiendesha. Mwaka 2025 Stenberg alilalamika waziwazi kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na akili bandia, zenye kasoro ambazo hazipo, na mwishoni mwa Januari 2026 mradi ukaacha kabisa kulipa zawadi za fedha kwa ripoti. Kwa hiyo dola za yule wa 2023 usizipigie hesabu.

Kwa wanaotaka kujifunza kwa vitendo, zoezi ni hili. Ukiwa na ghala la curl, andika `git diff curl-7_68_0 curl-7_69_0 -- lib/socks.c` na usome mabadiliko ya 2020 kana kwamba wewe ndiye mkaguzi, ukiwa na karatasi yako ya vigeu. Kuwa mvumilivu, ni marefu. Kisha `git diff curl-8_3_0 curl-8_4_0 -- lib/socks.c` uone marekebisho: siku hizi jina likizidi urefu, curl inakataa na kutoa kosa, haijaribu tena ujanja wa kutafuta yenyewe. Angalia pia jaribio namba 728 lililokuja na marekebisho hayo. Lichukue, lipeleke kwenye toleo 8.3.0, liendeshe mara moja kwa kasi ya kawaida na mara moja ukiwa umechelewesha mashine, uandike unachokiona.

Kitu cha mwisho: `tc` inahitaji ruhusa ya msimamizi, na kwenye mashine nyingi za vyuo mwanafunzi hapewi. Tumia kompyuta yako mwenyewe au mashine pepe ndani yake, na kama kumbukumbu ya kompyuta ni ndogo, jenga kwa `make -j2`, si zaidi.